Phoenix, Arizona: njia gani inamfaa mama wa miaka 63 na mtoto wa miaka 7, Julai hii?

MgeniWaBonde
Habari zenu wana Arizona. Tunakaa Phoenix magharibi, upande wa Glendale. Tunataka tuwe tunatoka kutembea kila Jumamosi: watu wazima wawili, mtoto wa miaka 7, na mama. Mama anatembea vizuri, ila magoti yanamsumbua kwenye ngazi. Gari lipo. Tumeona njia ya Echo Canyon pale mlima wa Camelback ni maili 1.2 tu hadi kileleni. Inatufaa? Kama haifai, twende wapi, saa ngapi, na maji kiasi gani?

Alfajiri_AZ
Karibuni sana, na mama mpeni shikamoo yangu. Echo Canyon iacheni. Hizo maili 1.2 zinapanda zaidi ya futi 1,200, yaani kama mita 370, na kuna sehemu za mwamba mtupu ambazo wamefunga vyuma vya kushikilia. Goti bovu linaumia zaidi wakati wa kushuka, na mnashuka jua likiwa limeshakolea. Tangu 2021 jiji hufunga njia za Camelback na Piestewa Peak, mlima mwingine wa mjini, mchana siku za tahadhari ya joto kali. Saa za kufunga zimebadilika mara kadhaa, kwa hiyo angalieni tovuti ya bustani za jiji usiku wa kuamkia safari.

Hapa urefu wa njia haukwambii kitu. Ulizeni mtamaliza saa ngapi, kivuli kiko upande gani, na mnaweza kugeuza wapi. Asubuhi kivuli hukaa upande wa magharibi wa mlima. Upande wa mashariki unapigwa na jua tangu linachomoza. Julai linachomoza karibu saa kumi na moja na nusu alfajiri. Wakati huo muwe mmeshaanza kutembea, na saa moja na nusu muwe ndani ya gari.

Kwa sasa nendeni hifadhi ya Rio Salado, Central Avenue, kusini kidogo ya katikati ya mji: tambarare, miti, na mnageuza popote. Mkiwa tayari kuendesha mbali zaidi, hifadhi ya Riparian Preserve, mji wa Gilbert, ina ekari 110 na mabwawa saba. Mtoto ataona yangeyange na sungura bila kupanda hata kilima kimoja.

MamaTempe
Naongezea maji, maana wengi wetu tunatoka kwenye joto la unyevu. Dar au Mombasa jasho linakutiririka, unajua umepungukiwa. Hapa linakauka kabla hujaliona. Unabaki na chumvi nyeupe kwenye kola tu. Msingoje kiu.

Mtu mzima lita moja kwa kila saa, mtoto nusu lita, na lita mbili za ziada zibaki garini kwenye sanduku la barafu. Usiku gandisheni chupa zikiwa nusu, zimelazwa ubavu, asubuhi mjazie. Barafu inayeyuka taratibu mkiwa njiani. Maji yakifika nusu mnageuza, hata kama kileleni kunaonekana. Bebeni na karanga za chumvi: maji matupu mengi bila chumvi nayo huleta kichwa kuuma na kichefuchefu, halafu mtu anadhani ni kiu na kuongeza maji.

Lowesheni kanga, mama aitundike shingoni. Hewa ikiwa kavu inapoza kuliko feni. Siku za mawingu na unyevu nguvu yake inapungua sana, kwa hiyo fupisheni safari.

Mtu akiacha kujibu sawasawa au akianza kupepesuka, msimbembeleze atembee. Kivulini, mmwagieni maji mwilini, pigeni 911, namba ya dharura.

Njia_za_Magharibi
Kwa kuwa mko magharibi, wekeni akiba hifadhi ya White Tank Mountain, mwisho wa Olive Avenue, kuanzia Novemba hadi Machi. Mnalipia gari getini. Waterfall Trail ni kama maili moja kwenda, na mwanzo wake ni laini kiasi cha kupitisha kiti cha magurudumu hadi kwenye michoro ya Wahohokam, wenyeji wa kale wa huku, iliyochongwa kwenye mawe. Mama anaweza kukaa hapo, kuna benchi. Maporomoko yenyewe hutiririka baada ya mvua tu, msiwaahidi watoto.

Msimu wa mvua za radi ni Juni 15 hadi Septemba 30. Msipumzike ndani ya makorongo ya mchanga: mvua ikinyesha milimani, maji yanafika huku kwenu kukiwa na jua.

MgeniWaBonde
Asanteni sana, Mungu awabariki. Rio Salado Jumamosi hii. Ile miiba inayosemekana inaruka je? Mtoto hashikiki.

Njia_za_Magharibi
Hiyo ni cholla, aina ya mpungate. Hairuki, vipande vyake vinakatika ukigusa kidogo tu. Kipande kikimnasa mtoto usikitoe kwa vidole, kitahamia mkononi mwako, kwa sababu kila mwiba una vijino vinavyoangalia nyuma. Bebeni kitana cha plastiki cha meno mapana. Pitisha meno kati ya kipande na ngozi, ukirushe kwa mkupuo mmoja kuelekea mbali na watu. Miiba iliyobaki ing'oeni kwa kibanio, mmoja mmoja, ukivuta kufuata ulivyoingia. Viatu vya kufunika vidole, sio ndala.