Kidari cha kuku kikiwa kimeganda kama jiwe: je, maikrowevu inakiweza?

Mpangaji wa Mwanga (Kigoma)

Habari zenu, ndugu zangu. Nimehamishiwa kikazi hapa Kigoma, familia imebaki Tabora, na chumba nilichopanga Mwanga kina friji yenye sehemu ya kugandishia pamoja na maikrowevu ndogo ya wati 700 niliyoachiwa na mpangaji aliyenitangulia. Jiko la mkaa ninalo, ila nikirudi jioni nimechoka huwa sina moyo wa kuliwasha. Jana nilitoa kidari kimoja cha kuku kilichoganda, nikakiweka kwenye maikrowevu kwa nguvu zote kwa dakika kumi. Kingo zilikauka kama gome la mti, nilipokikata katikati nikakuta nyama mbichi na chembe za barafu. Nilikirudisha ndani mara mbili, mwishowe nikala kwa wasiwasi. Naomba kujua kosa langu lilikuwa wapi, na kama chakula cha namna hii ni salama kuliwa.

Mama wa Katubuka (Kigoma)

Pole, mwanangu. Kosa lako ni haraka. Mimi nyama iliyoganda naitoa asubuhi kabla ya kwenda sokoni, naifunika na kawa mezani, na nikirudi jioni naikuta imelainika yenyewe bila kutumia umeme. Nimefanya hivyo miaka mingi na watoto wangu wote ni wazima.

Mpishi wa Isevya (Tabora)

Shikamoo mama. Sikusudii kuudharau uzoefu wako, lakini katika jiko la hoteli nilikofanya kazi, mtu aliyeacha kuku mezani kutwa nzima alikuwa akitakiwa amtupe. Nyama iliyoganda huanza kuyeyuka kwa nje, na sehemu hiyo ya nje hukaa saa nyingi katika joto la kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi, ambamo vijidudu kama salmonela huzaliana kwa kasi, ilhali ndani bado ni barafu. Nyama mbichi isizidi saa mbili nje ya friji, na siku ya joto kali isizidi saa moja. Kama mtu hataki kutumia umeme, aiweke katika mfuko usiopitisha maji, aizamishe kwenye maji ya baridi na kuyabadilisha kila baada ya nusu saa. Nusu kilo huwa tayari kwa muda wa saa moja hivi.

Sasa nikujibu wewe ndugu mpangaji. Mawimbi ya maikrowevu hutikisa molekuli za maji, na mtikisiko huo ndio unaoleta joto. Katika barafu molekuli hizo zimefungamana, kwa hiyo barafu hupokea nguvu kidogo sana ikilinganishwa na maji. Pale kingo zinapoanza kuyeyuka, maji yake hunyakua karibu nguvu yote, yakachemka na kuikausha nyama iliyo jirani, huku katikati pakiendelea kuganda. Ndiyo maana kuongeza dakika kwa nguvu zote hakusaidii, kunazidisha tofauti ile ile.

Anza na kitufe cha kuyeyushia, au punguza nguvu hadi asilimia 30. Mashine itakuwa inawaka na kuzima kwa zamu, na katika vipindi vya kuzima joto la kingo hupata nafasi ya kusafiri kuelekea ndani. Tumia sahani ya kioo au ya udongo isiyo na urembo wa dhahabu, wala usiingize sufuria. Upande mnene uelekee ukingoni mwa sahani na ule mwembamba uelekee katikati. Geuza kila baada ya dakika mbili, na usishangae kidari kimoja kikichukua dakika sita au zaidi, kwani hutegemea unene wake. Kikishalainika kiasi cha kupitisha kisu, kikate vipande vinavyolingana, tia chumvi, ndimu na maji vijiko viwili, funika ukiacha upenyo wa mvuke, kisha upike papo hapo. Hapo katikati usipumzike: kuku aliyeyeyushwa kwa maikrowevu ana sehemu ambazo tayari zimeshapata uvuguvugu, kwa hiyo harudishwi kwenye friji akiwa mbichi.

Kuhusu usalama, rangi ya nyama haitoshi kuwa ushahidi. Wizara ya Kilimo ya Marekani imeweka nyuzi 74 kuwa kipimo cha kuku aliyeiva, nacho huchukuliwa kwa kipimajoto cha chakula katika sehemu nene kuliko zote. Mwache atulie dakika tatu akiwa amefunikwa ndipo upime mahali pawili au patatu, maana maikrowevu huacha madoa ya ubaridi.

Msafiri wa Reli ya Kati

Naongeza jambo moja ambalo sisi wa huku tunalijua. Umeme ukikatika kuku akiwa ameyeyuka nusu, usiusubiri urudi. Washa mkaa ummalizie humo. Kwa hiyo kabla hujabonyeza kitufe, hakikisha mkaa upo.

Mama wa Katubuka (Kigoma)

Marahaba, mpishi. Hayo ya maji ya baridi nitayajaribu, kwa kuwa maikrowevu sina. Lakini kuku wa kuchemshwa na ndimu tu! Mwanangu mpangaji, akishaiva mtie mawese na kitunguu.

Mpangaji wa Mwanga (Kigoma)

Nawashukuru nyote. Jioni hii nimeyeyusha kwa asilimia 30 kwa dakika saba nikigeuza, nikakata vipande, nikapika dakika tano, nikapima. Mahali pawili pamesoma nyuzi 78, pa tatu 69, kwa hiyo nimevigeuza vipande na kuongeza dakika moja na nusu, pote pakavuka 74. Hakuna kilichokauka. Mawese nimeyapata kwa jirani, na yeye ndiye aliyenisaidia kusonga ugali wa muhogo.