Mjadala: Albamu ya kolabo ya mkongwe, jalada liseme nani waliimba chumba kimoja?

Hoja: George Jones, mwimbaji wa kantri wa Marekani, alianza kutoa rekodi 1954. Miaka 40 baadaye, 1994, ikatoka *The Bradley Barn Sessions*, nyimbo zake za zamani akiziimba na wageni: Tammy Wynette aliyewahi kuwa mkewe, hata Keith Richards wa Rolling Stones. Siku hizi mkongwe wa kantri akitoa albamu ya aina hii, wageni wengi hutuma sauti kwa faili. Jalada lilazimike kuonyesha ipi ni ipi?

Mcharazo: Lilazimike. Shida ya kwanza ni ki, yaani kimo cha sauti ambacho wimbo mzima unaimbiwa. Mwanamume anayetulia kwenye G, mwanamke mara nyingi atataka C au D. Wakiwa pamoja wanajaribu mbili tatu, au wimbo unapandishwa ukifika ubeti wa bibie. Kwa faili, ki imeshafungwa: mgeni anaunguruma kooni ubeti mzima, au anaruka juu oktava nzima (noti nane) na kupiga kelele kwenye wimbo wa kubembeleza. Halafu sikilizeni miisho ya maneno. Kiingereza kimejaa "t" na "s". Wasipoonana midomo, "t" zinadondoka mbili. Fundi anakata moja, mgeni anasikika kama kameza neno.

Fundi Miksi: Maandishi hayo ya jaladani yatawaaminisha watu kwamba pamoja ndiyo bora. Chumba kimoja, maiki ya huyu inadaka sauti ya yule. Mzee wa miaka 75 akiteleza nusu toni, humnyooshi peke yake. Sauti ya mwenzake iliyoingia kwenye maiki ile inavutwa pia. Ndiyo maana hata ndani ya studio moja huwekwa vibanda tofauti. Na "Pancho and Lefty" ya 1983, ya Willie Nelson na Merle Haggard? Haggard aliamshwa usiku wa manane, akaimba ubeti wake, akarudi kulala. Ikashika namba moja kwenye chati ya kantri.

Mcharazo: Vibanda vyenye kioo ni pamoja. Wanaonana.

Kabati la Santuri: Mnagombania walio hai! Mwimbaji wa kantri Patsy Cline alikufa kwa ajali ya ndege 1963, mwenzake Jim Reeves (redio za Kenya hazijamchoka) vilevile 1964. Mwaka 1981 wakasikika wakiimba "Have You Ever Been Lonely" pamoja. Tepu zao zilikuwa za njia tatu, sauti ya mwimbaji ikikaa kwenye njia yake. Sauti hizo zikachomolewa, zikalinganishwa, zikapigiwa ala mpya. Hawakuulizwa. Kwa marehemu iandikwe mbele ya jalada, si nyuma kwa herufi za sisimizi.

Fundi Miksi: Kwa marehemu sina ubishi, na mwaka ambao sauti ilirekodiwa utajwe. Walio hai waacheni.

Mcharazo: Basi wapunguze wageni. Loretta Lynn, mkongwe mwingine wa kantri, alipotoa albamu yake ya 50 mwaka 2021, aliwashirikisha wenzake kwenye nyimbo tatu tu, kwingine kote akaimba mwenyewe. Watu wa nyimbo tatu unaweza kuwakutanisha. Ukialika 14, kalenda zao hazikutani hata mwaka mzima, na hapo lazima utume faili.