Udongo wa kauri ya jiko: mweupe wa mlimani, mweusi wa mbuga au wa kichuguu?

FundiJiko_Buhongwa
Mwangaluka wakuu. Natengeneza majiko ya mkaa, yale ya bati yenye kauri ndani. Kauri za kununua zimepanda bei, kwa hiyo nataka nifinyange mwenyewe. Udongo ninaoupata bila gharama kubwa ni wa namna tatu. Kuna mweupe wa chini ya mawe mlimani, laini, ukiupekecha unaacha unga vidoleni. Kuna mweusi wa mbugani upande wa Misungwi, unanata ajabu. Halafu kuna mwekundu wa kichuguu. Kauri za mweusi zinapasuka zikiwa bado kivulini, hata moto hazijauona. Mweupe haupasuki, ila unagoma kufinyangika, kingo zinameguka. Nishike upi?

MamaVyungu
Mdogo wangu, hapo hakuna unaotosha peke yake. Mama yangu alikuwa mfinyanzi huko Kwimba, na mkono huo nimeurithi. Mweusi tunautumia, lakini kidogo, wa kushikisha tu. Ndani yake tia vigae vya vyungu vya zamani, vitwangwe na kuchekechwa. Kichanga nacho kinafaa, lakini kwa chombo cha motoni mimi nachagua vigae, maana vimeshaungua, havinywei tena.

MtuWaMiamba
Upande wa mikono Mama amemaliza. Mimi nimesomea miamba, ngoja nieleze kinachoendelea ndani, kwa sababu ukikijua utachanganya kwa kujiamini.

Kwa maelezo yako, huo mweupe ni kaolini, na madini yake makuu huitwa kaolinaiti. Ni laini sana: kwenye kipimo cha Mohs cha ugumu wa madini iko kati ya 2 na 2.5, ukucha unaikwaruza. Asili yake ni haya haya mawe tunayoishi katikati yake. Graniti ya Mwanza ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, na imejaa felspa, zile chembe za rangi ya maziwa au waridi. Maji ya mvua yakichanganyika na hewa ya kaboni huwa na asidi kidogo. Yanapenya kwenye nyufa za jiwe na kuondoka na potasiamu, sodiamu na sehemu ya silika, ile inayounda pia mchanga. Alumini haiondoki kirahisi. Inabaki, inaungana na silika iliyosalia na maji, na hapo kaolinaiti inaumbika. Kwatzi, zile chembe ngumu za jiwe, haiozi, ndicho kile kichanga kinachozunguka mawe, Wasukuma wanakiita luseni.

Na vile vilivyochukuliwa na maji? Vinashuka mbugani. Kule maji yanatuama, silika inakutana na magnesiamu na kalsiamu, na yanaumbika madini mengine kabisa, montmorilonaiti. Ndiyo maana mlima mmoja unakupa udongo wenye tabia mbili zinazopingana. Wasukuma waliutambua zamani mpangilio huu na kuupa majina: luseni juu, itogolo katikati, mbuga chini. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi kituo cha Amani, Tanga, aliandika habari za mipangilio ya namna hii katika miaka ya 1930, na wanasayansi wa nchi nyingi wanaitumia hadi leo. Inanifurahisha sana kwamba ilisomwa kwenye ardhi ya kwetu.

Sasa kuhusu nyufa. Kaolinaiti ina bamba moja la silika na moja la alumini, na kila jozi imeshikana imara na inayofuata. Maji hayapati pa kuingia, kwa hiyo haivimbi. Kwenye montmorilonaiti alumini imebanwa katikati ya mabamba mawili ya silika, na mafungu hayo yameshikana kwa ulegevu. Maji yanaingia, inavimba, yakitoka, inanywea. Nyufa za mbugani wakati wa kiangazi na za kauri zako zina chanzo kimoja.

MkulimaMpunga
Samahani kwa kuingilia. Basi kwa bwawa la sato mweusi ndio wenyewe?

MtuWaMiamba
Ndio wenyewe. Ukilowa unavimba na kuziba. Ushindilie vizuri, na usiache bwawa likauke.

FundiJiko_Buhongwa
Nimekuelewa mkuu. Lakini kama mweupe haunywei sana, kwa nini nisitafute tu namna ya kuufinyanga huo huo?

MtuWaMiamba
Tatizo ni moto wako. Kaolinaiti inapoteza maji yaliyo ndani ya umbo lake kwenye nyuzi 500 hadi 600 za Selsiasi, lakini ikiwa safi haikazi kuwa kauri ngumu mpaka upite 1,200. Moto wa kuni wa kuchomea vyungu uwanjani haufiki huko, kwa hiyo kauri itatoka inamomonyoka mkononi. Faida yake ni kwamba haiyeyuki mpaka karibu na 1,770, hivyo ikiwa ndani ya mchanganyiko inaleta uvumilivu wa moto. Mwekundu una chuma na vitu vingine vinavyosaidia chembe kushikana kwenye moto mdogo, na mchwa wameshakupandishia udongo laini kutoka chini. Mimi ningefanya kichuguu kiwe msingi, mweupe kiasi, vigae, na mweusi kidogo sana.

MamaVyungu
Na huo mweusi uchekeche! Mbugani kuna vijiwe vyeupe. Kimoja tu kikibaki, kauri inatoka motoni nzima, halafu baada ya siku chache inabanduka kipande.

MtuWaMiamba
Kweli kabisa. Hivyo ni vijiwe vya chokaa. Vikiungua vya kutosha vinageuka chokaa hai, kisha vinanyonya unyevu wa hewa na kutanuka. Dondoshea limau: kikitoa povu, kitoe. Mweupe wako nao ujaribu hivyo hivyo, kaolini haitoi povu.

Nesi_Sengerema
Wakuu, kwa kuwa mmetaja udongo mweupe: dada zangu wajawazito, tafadhali msiule. Najua hamu ile ilivyo kali. Udongo unaweza kuzuia mwili kupata madini ya chuma kutoka kwenye chakula, na damu ikipungua ujauzito unakuwa na hatari. Unaweza pia kubeba mayai ya minyoo, na ukanda huu wa dhahabu una sehemu zenye aseniki ardhini. Hamu ikizidi mwambie mhudumu wa kliniki, upimwe damu.

FundiJiko_Buhongwa
Asante Nesi, nitamfikishia mke wangu. Mama, vipimo je? Naanzia wapi?

MamaVyungu
Anza na kichuguu vikombe vitano, mweupe viwili, vigae viwili, mweusi nusu. Tengeneza na michanganyiko mingine, ukibadilisha kitu kimoja tu kila mara. Kanda, funika usiku kucha, kanda tena. Finyanga vipande virefu, chora juu yake mstari wa sentimita 10, anika kivulini. Vikikauka pima mstari. Ukikuta umebaki 9 au chini, punguza mweusi. Vinavyobaki vizima vichome na moto wa mbali kwanza, unausogeza taratibu. Halafu lete picha hapa, uandike kila kipande kimechanganywa nini.