Safari ya Kisite: gumzo la Ukoo wa Kuze

Swaleh: Assalamu alaikum ukoo. Shule zikifungwa mwezi wa nane twende Kisite, kule hifadhi ya bahari. Hema ninalo, tutalala huko huko kisiwani 🏕️

Bi Rukia: Waalaykum salaam. Tutalala wapi tena mwanangu?

Ami Omar: Mwezi wa nane ni kusi, upepo wa kusini, bahari yachafuka. Mtatoka Shimoni watoto wacheka, mkifika nje watatapika. Na maji yamechafuka, hamwoni samaki wala pomboo. Ngojeni kaskazi, upepo wa kaskazini, Disemba mwishoni.

Mwanaidi: Disemba nauli zapanda, Ami 😩

Ami Omar: Zipande. Swaleh, hilo hema Kisite utalikita wapi? Kile ni kijiamba cha matumbawe. Huo mchanga mweupe mwauona kwenye picha, maji yakijaa haupo.

Swaleh: 😂😂 Basi kisiwa cha Wasini, hapo jirani

Mwanaidi: Wasini sawa. Hakuna gari hata moja, watoto watakimbia watakavyo. Tena kuna ile njia ya mbao ya kina mama, yapita juu ya mikoko na matumbawe. Bibi utaiweza?

Bi Rukia: Miguu iko. Mimi nauliza choo na maji.

Ami Omar: Maji matamu Wasini ni tabu tangu zamani, watu wakikinga ya mvua. Bebeni yenu.

Swaleh: Nitachukua katoni mbili za chupa

Mwanaidi: Chupa za plastiki za kutupa ni marufuku kwenye hifadhi tangu Juni 2020. Chukua mitungi. Na kila mtu mzima aje na kitambulisho, kiingilio cha mwananchi si cha mgeni.

Ami Omar: Sasa sikizeni. Jumamosi musiichague kwa kalenda ya ukutani. Tazameni mwezi: uwe ndio kwanza umeandama, au uko kumi na tano. Hapo ni bamvu, maji yajaa sana na kupwa sana: yapwa saa nne, saa tano asubuhi, mchanga wote uko nje. Mkienda maji mafu, siku ambazo hayapwi sana, mtashinda mashuani.

Swaleh: Sawa nahodha 🫡

Mwanaidi: Na kule wapika kaa na mwani, nishaanza kuona njaa

Bi Rukia: Mwani mimi sili. Nitakuja na mahamri yangu, na mbaazi. Swaleh, jiko la makaa lipakie wewe.