Corolla ya 1998, Dar hadi Njombe: maji yanapungua, twende nayo au tupande basi?

Binti_Mbagala:
Habari za leo wakuu. Wiki ijayo nampeleka mama Njombe, kama kilomita 700 kutoka hapa Dar. Ana miaka 71 na magoti yanamsumbua. Kukaa kwenye basi kutwa nzima hawezi tena, kila baada ya muda lazima ashuke anyooshe miguu. Ndiyo maana nataka twende na Corolla 110 aliyotuachia marehemu baba, injini 5A, gia otomatiki. Mjini haijawahi kuniangusha.

Tatizo ni maji ya kupoozea injini. Jumapili najaza kopo la akiba hadi mstari wa juu, Jumapili inayofuata yameshuka vidole viwili. Chini ya gari hakuna hata tone, na mshale wa joto uko palepale. Fundi wa mtaani ananiambia magari ya zamani ndivyo yalivyo, nibebe dumu la maji nitembee. Sijaridhika. Ule mlima mkali wa Kitonga, kabla ya Iringa, nimepita mara nyingi na basi, nikaona magari yamefunguliwa boneti pembeni, watu wamekaa juani. Mama yangu sitaki akae pale. Mngekuwa nyinyi mngeenda?

Spana_14:
Dada, umri wa gari usikutishe. Hayo maji ndiyo ya kuogopa, kwa sababu hayapotei bure, yana njia yanakopita. Asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, fungua kifuniko cha oili na uchomoe kijiti cha kupimia. Ukikuta ute kama chai ya maziwa, maji yanaingia kwenye oili, usiende popote. Kisha mtu awashe, wewe simama nyuma ya ekzosi. Moshi mweupe usiokwisha hata injini ikishapata moto ni dalili kuwa gasketi ya silinda hedi imeungua.

Huko kukiwa safi, mulika tochi kwenye pampu ya maji. Yakivuja kidogo kidogo kwenye injini ya moto hukauka kabla hayajafika chini, yakaacha michirizi ya rangi ya kulanti, yaani ya hayo maji ya kupoozea. Tafuta gereji yenye kifaa cha kupima presha ya rejeta, hutabaki na wasiwasi. Na uwaulize taimingi belti, ule mkanda unaopatanisha mizunguko ya injini, ilibadilishwa lini. Kama hakuna anayejua, badilisha.

Mwana_Ilula:
Kitonga kwenda inakula injini, kurudi inakula breki. Mimi niliteremka na Carina iliyokuwa na pedi mpya kabisa, nikakanyaga pedali ikazama hadi chini. Harufu ya kuungua, mke wangu anasali kwa sauti. Handibreki na gia ya chini ndivyo vilivyotuokoa. Mafuta ya breki hayakuwa yamebadilishwa tangu ninunue gari, na yakizeeka huvuta unyevu, yakipata moto yanachemka. Badilisha yote, dada. Ukianza kuteremka weka gia kwenye 2 au L kabla mwendo haujapanda.

Tazama pia namba nne za mwisho kwenye maandishi ya DOT ubavuni mwa tairi. 1114 ni wiki ya 11 ya mwaka 2014. Hata kama meno yapo, tairi hilo usimpakie mama. Na la akiba ulitazame.

Binti_Mbagala:
Nimerudi wakuu. Oili safi, moshi hakuna. Kifaa cha presha kilipofungwa, mshale ukaanza kushuka taratibu, fundi akanishikia tochi nikaona mwenyewe: michirizi ya waridi iliyokauka chini ya pampu ya maji. Nimebadilisha pampu, taimingi belti na mafuta ya breki. Tairi la akiba lilikuwa la 2009, nimenunua jingine.

Jana nimeenda Chalinze na kurudi, AC ikiwaka mwanzo mwisho. Nimeliacha lipoe usiku kucha, na leo asubuhi maji yako kwenye mstari uleule. Tunaondoka Alhamisi alfajiri, tutalala Iringa ili mama apumzishe magoti. Ameshafunga kanga zake kwenye begi tangu juzi.

Spana_14:
Nendeni salama. Pale Iringa kabla hujawasha asubuhi, tazama tena lile kopo.