Larva, pupa, imago: asili ya maneno haya ni nini?

Kidato cha Nne
Habari wakuu. Kwenye ukuaji wa mbu vitabu vinaandika yai, larva, pupa, imago, nasi tunakariri tu. Yametoka wapi? Hii pupa ina undugu na pupa yetu ya ulafi na haraka? Na wingi wake unaandikwaje?

Mdudu Kamili
Yote matatu ni Kilatini, na aliyeyaingiza kwenye elimu ya wadudu ni Carl Linnaeus, Mswidi wa karne ya 18. Ukiyasoma pamoja huhitaji kukariri.

Larva kwa Warumi ilikuwa mzuka, pia kinyago cha usoni. Linnaeus alimaanisha kinyago: ukimwangalia kiwavi huwezi kumjua kipepeo aliyefichwa ndani yake. Pupa ni msichana mdogo au mwanasesere, maana mdudu katika hatua hiyo amefungwa kama kichanga kilichoviringishwa nguo. Imago ni sura: kinyago kimevuliwa, mdudu mpevu ameonekana.

Mboni ya jicho nayo kwa Kilatini inaitwa pupilla, yaani pupa mdogo, kisanamu kidogo. Msogelee mtu umtazame machoni, utajiona mle ndani, mdogo kabisa.

Pupa ya ulafi haihusiani. Tena pupa wa mdudu hali chochote!

Wingi wa Kilatini: larvae, pupae, imagines. Kwa Kiswahili sema larva wengi, pupa wengi. Ila usidondoshe r, maana lava ni ile ya volkano.

Maji Yaliyotuama
Naongezea, kwa sababu hapa ndipo maksi zinapopotea. Panzi, nzige na mende hawana larva wala pupa. Wao ni yai, tunutu, mpevu. Tunutu anafanana na mzazi wake ila mabawa hayajakamilika, hivyo hakuna kinyago cha kuvua.

Kwa mbu, mtazame kwenye ndoo. Larva wa mbu aina ya Anofelesi hulala sambamba na uso wa maji. Wa aina za Kuleksi na Aedesi huning'inia kichwa chini, akipumulia mrija ulio mkiani. Pupa amejikunja kama alama ya mkato na anapumua kwa vijirija viwili vya mgongoni, karibu na kichwa.

Tofauti hii ya larva na pupa ina kazi. Viuadudu vya bakteria wa Bti, kama vinavyotengenezwa Kibaha, Tanzania, huua larva anapovila. Pupa hali, kwa hiyo havimgusi, na baada ya siku mbili au tatu anaruka. Ukikuta pupa wengi umechelewa: mwaga maji yote kwenye ardhi kavu.

Kidato cha Nne
Shukrani sana. Na instar?

Mdudu Kamili
Kilatini pia: umbo, mfano. Ni kipindi kati ya kujivua ngozi mara moja na nyingine. Larva wa mbu ana vipindi 4. Akijivua mara ya 4 anatoka pupa. Mwishoni mwa kipindi cha 4 huacha kula, kwa hiyo Bti iwekwe mapema, larva wakiwa bado wadogo.