Ukurasa wa daftari la sanaa kumhusu Sidney Poitier: naomba ushauri

KaratasiNaRangi aliuliza:

Habari zenu wanajukwaa. Ninaandaa ukurasa wa daftari la sanaa unaomhusu Sidney Poitier, mwigizaji aliyekulia Cat Island katika visiwa vya Bahamas, ambaye mwaka 1964 alikuwa mwanamume wa kwanza mweusi kutwaa Tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora. Nina picha yake iliyochapwa kwa printa ya wino, rangi za akriliki, magazeti ya zamani, vipande vya lesi na mihuri ya maua. Mambo mawili yananitatiza: wino wa picha za aina hii huchuruzika ukiguswa na gundi, na mapambo niliyoyakusanya yangeweza kuwekwa kwenye ukurasa wa mtu yeyote yule. Mngeanzia wapi?

TabakaKwaTabaka alijibu:

Ndugu, nianze na hilo la pili, kwa kuwa ndilo litakaloamua mengine yote. Weka kando lesi na maua, kisha uyatazame upya hayo magazeti, maana ndiyo pekee yanayomgusa Poitier mwenyewe. Alipofika New York akiwa kijana hakuwa msomaji mzuri, na alipokwenda kujaribiwa katika American Negro Theatre, kikundi cha maigizo cha Wamarekani weusi, alikataliwa kwa sababu ya usomaji wake na lafudhi yake ya visiwani. Wakati akiosha vyombo mgahawani, mhudumu mmoja mwenye umri mkubwa alikuwa akiketi naye usiku, kazi ikishakwisha, wakasoma gazeti pamoja mpaka kusoma kukamkaa. Kwa mtu huyu, basi, gazeti haliwi kijazio cha nafasi tupu. Ningelibandika ukurasa mzima, nikalifunika kwa jeso, yaani rangi nyeupe ya kuandalia ukurasa, nzito pembezoni na nyepesi zaidi kadiri ninavyoukaribia uso, ili maneno yaanze kusomeka pale alipo yeye.

Rangi nazo zitoke huko huko. Wazazi wake walikuwa wakulima wa nyanya, naye alizaliwa Miami mwaka 1927 walipokuwa wamekwenda kuuza mavuno yao. Nyekundu ya nyanya na buluu ya bahari zinatosha. Picha yenyewe ibaki nyeusi na nyeupe.

GundiNyepesi alijibu:

Wazo la gazeti limenigusa sana, ila karatasi ya gazeti ina lignini nyingi, kitu kitokacho kwenye mbao, na kwa mwanga na hewa hugeuka manjano na kuwa dhaifu. Ni afadhali utoe nakala yake, pamoja na ya picha, kwenye karatasi isiyo na asidi kwa mashine ya leza. Tona, inayotumika humo badala ya wino, ni unga wenye plastiki unaoyeyushwa kwa joto na kushikamana na karatasi, kwa hiyo gundi ya maji haiuchuruzishi, tofauti na wino mwingi wa printa za kawaida.

Nakala ya leza inakupa pia nafasi ya kuhamisha picha: paka mediamu ya akriliki (akriliki isiyo na rangi, inayoshika kama gundi) kwenye ukurasa, laza picha kifudifudi, iache ikauke kabisa, kisha lowesha mgongo wa karatasi na uusugue taratibu kwa kidole mpaka nyuzi zitoke. Kumbuka kwamba picha itageuka kushoto kulia, hivyo maandishi yoyote yachapwe kinyume tangu mwanzo.

PembeYaUkurasa alijibu:

Kuhusu gazeti ninatofautiana kidogo na aliyetangulia. Kipande kimoja halisi, kikiwa mbali na uso, kiachwe kigeuke manjano chenyewe, kwa sababu daftari la sanaa lina haki ya kuzeeka. Na tafadhali, usipitishe rangi juu ya macho yake, kwa kuwa nguvu kubwa ya uigizaji wake ilikuwa katika utulivu wa kutazama.

KaratasiNaRangi aliandika:

Nawashukuru nyote, lesi na maua nimeshayaondoa. Je, penseli na kalamu za nta zije kabla ya jeso au baada yake?

GundiNyepesi alijibu:

Baada yake, jeso ikiwa imekauka, kwa sababu huacha mkwaruzo unaoishika penseli vizuri. Nta iwe ya mwisho kabisa, kwani rangi yenye maji haikai juu yake. Kisha weka karatasi ya kuokea kati ya kurasa kabla ya kulifunga daftari, kwa kuwa akriliki huweza kunata hata ikionekana imekauka.